Kazi ilinipigia simu, shangazi akaitukana!

Mie naendelea kudunda na jiji letu. Joto kali, mfuko mkavu, lakini pumzi ipo, na mwenye pumzi hakosi la kusema.

Leo nataka tuongee jambo linalotuumiza wengi tuliomaliza shule tukabaki kuhesabu magari barabarani. Umeona tangazo la kazi, umeandika barua yako safi, umepiga kopi za vyeti, umepeleka. Halafu... kimya! Siku ya kwanza, kimya. Wiki, kimya. Mwezi, kimya kama makaburini. Unaanza kujiuliza, hivi ile barua ilifika kweli au iliishia kufungiwa maandazi?

Wengi wetu tukifika hapo tunafanya moja kati ya mawili. Ama tunakaa kimya na sisi, tukijifariji kwamba subira huvuta heri. Ama tunageuka kero, tunapiga simu asubuhi, mchana na jioni mpaka watu wa ofisini wanatukimbia. Mie mwenzenu nimeyafanya yote mawili, na yote mawili yamenitoa jasho. Ngoja niwape kisa, msicheke sana.

MWANZO WA KASHESHE

Mie nimeishia kidato cha nne. Matokeo yangu si ya kutangaza kwenye kipaza sauti, lakini si ya kuficha uvunguni pia. Nikasoma kompyuta miezi mitatu, nikarudi nyumbani kwa shangazi kule Gongo la Mboto. Shangazi yangu anapika vitumbua na chai ya alfajiri. Mtaji wake unatoka kwenye kikoba, na kikoba hakina mchezo. Siku ya marejesho ikifika, ufe ufufuke, hela itoke.

Siku moja nikaona tangazo. Kampuni moja iliyoko kando ya Barabara ya Nyerere inatafuta karani wa stoo. Sifa, kidato cha nne na ujuzi wa kompyuta. Yaani kama vile walikaa kikao wakanijadili mie! Mwisho wa kupokea barua tarehe 15. Nikaandika barua, nikaweka na maelezo yangu binafsi, nikapeleka mwenyewe kwa mkono, nikamwachia mlinzi getini.

Sasa, siku hizo simu yangu ya kupangusa ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji. Imegoma kabisa, hata nilipoifukia kwenye mchele. Kwa hiyo kwenye barua nikaandika namba ya kitochi cha shangazi. Hapo ndipo nilipojipalia makaa mwenyewe, kwa sababu shangazi sikumwambia! Nilitaka kazi nikiipata niwe nimemshtukiza, nije na kilo ya nyama na mkataba mkononi.

Tarehe 15 ikapita. Nikasubiri. Rafiki yangu mmoja akanishauri, "Shosti, nenda kaulizie." Nikamjibu kwa maringo, "Niende wakanione nina njaa? Wakinitaka si watanitafuta?" Ukweli wa moyoni niliogopa. Niliogopa lile geti, nilimwogopa yule mlinzi, na zaidi ya yote niliogopa kuambiwa hapana. Bora nikae na tumaini langu nyumbani, nilifunike na chandarua lisiumwe na mbu.

Tarehe 9 ya mwezi uliofuata, shangazi akakosa hela ya kikoba. Sikuambiwa, nilimwona tu. Alikuwa anahesabu noti za elfu elfu, anamaliza, anaanza upya, kana kwamba zitaongezeka akizihesabu vizuri. Nikasema leo liwalo na liwe. Nikavaa gauni langu la heshima, nikapanda gari mpaka pale.

Dada wa mapokezi akanikaribisha vizuri tu. Nikajitaja jina, nikataja kazi niliyoomba. Akavuta jalada, akapitisha kidole kwenye orodha. Kidole kikasimama. Akaniangalia, akaangalia karatasi, akaniangalia tena.

"Wewe ndiye fulani?"

"Ndiyo mie, dada."

"Mbona tulikupigia tarehe 21 uje kwenye usaili, ukatutukana?"

Jamani! Moyo ulinilipuka paa! Akanigeuzia ile karatasi. Mbele ya jina langu, kwa wino mwekundu, kuna maneno matatu: Amepigiwa simu, katukana. Usaili ulifanyika tarehe 23. Mtu ameshapatikana, ameshaanza kazi, na muda ule alikuwa ndani ya stoo anahesabu maboksi ambayo ningeyahesabu mie.

SHANGAZI NA MATAPELI

Njia nzima nilikuwa kama nimemwagiwa maji ya barafu. Nyumbani nikamuuliza shangazi taratibu, kuna mtu alipiga simu akiniulizia? Akafikiri kidogo, akasema, "Sikumbuki, mwanangu. Ila kuna matapeli walipiga mwezi uliopita, wanakutaja mpaka jina, eti uende kwenye kazi. Nikawapasha! Nikawaambia mwizi mkubwa wewe, mama yako hakukufunza, usipige tena hapa!"

Nikakaa chini.

Msimhukumu shangazi yangu, naomba sana. Miezi michache kabla ya hapo alipigiwa na mtu anayejifanya mfanyakazi wa kampuni ya simu. Alimtaja jina lake kamili, akampeleka hatua kwa hatua, bonyeza hapa, bonyeza pale, shilingi 120,000 za kikoba zikayeyuka. Alilia wiki nzima. Na nyie wenyewe mnazijua zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Nani leo anaiamini namba asiyoijua? Shangazi alikuwa analinda nyumba yake. Mwenye kosa ni mie niliyempa mtu namba ya simu bila kumwambia mwenye simu.

Nilipomweleza, hakusema kitu. Usiku ule hakula. Asubuhi kabla ya vitumbua akaniwekea hela ya nauli mkononi, akasema, "Rudi. Waambie aliyetukana ni mimi, siyo wewe. Ukitaka nakuja mwenyewe niwaombe radhi." Nikamwambia baki, shangazi, hili nalimaliza mie.

Sasa hebu tupige hesabu pamoja. Mwisho wa kupokea barua, tarehe 15. Walipiga tarehe 21. Usaili tarehe 23. Kama ningekwenda kuulizia wiki moja tu baada ya barua kufungwa, ni tarehe 22. Ningeambiwa, "Ah, ni wewe? Njoo kesho." Siku moja! Siku moja ndiyo ilikuwa bei ya maringo yangu.

Mjomba wangu aliposikia alicheka mpaka akakohoa. Miaka ya 90 yeye aliomba kazi kwa sanduku la posta la jirani, maana sanduku lake hakuwa nalo. Barua ya kuitwa ilikuja, jirani akaitia kwenye mfuko wa koti, akalitundika koti. Siku ya kulivaa tena usaili ulishapita. Kwa hiyo msione kama ni mambo ya simu tu. Zamani barua ilikwama kwenye koti la jirani, leo inakwama kwenye kitochi cha shangazi. Dawa ilikuwa moja na bado ni ile ile, nyanyua miguu uende ukaulize. Kuuliza si ujinga.

SASA UNAULIZIAJE?

Tangu siku ile nimegeuka fundi wa kuulizia kazi, maana nimeomba nyingi. Haya niliyojifunza nawagawia bure, msinilipe.

Kwanza, muda. Kama tangazo lina tarehe ya mwisho, usipige kabla haijapita. Hapo bado wanapokea barua, hawajasoma hata moja. Ikipita, hesabu kama wiki moja, uulizie. Tangazo likikosa tarehe, wape siku saba mpaka kumi tangu ulipopeleka. Ukiulizia ukaambiwa "bado", uliza kwa adabu, "Naweza kuulizia tena lini?" Ukipewa siku, shika hiyo hiyo. Mara mbili, tatu zinatosha. Baada ya hapo tia nguvu kwingine.

Hapa nakiri dhambi. Baada ya kisa cha shangazi nikaapa sitalala tena. Kwenye kampuni nyingine nikapiga mara nne kwa siku moja. Mara ya nne akapokea baba mmoja, akaniambia, "Binti, hapa tunafanya kazi." Pu! akakata. Barua yangu nadhani ilichanwa kabla hajarudisha mkono wa simu mezani.

Pili, saa. Jumatatu asubuhi watu wamelemewa. Ijumaa mchana wengine wako msikitini, wengine roho zao zishaenda wikiendi. Mie napenda Jumanne mpaka Alhamisi, saa nne au saa tano asubuhi. Chai imeshanyweka, njaa ya mchana bado.

Tatu, maneno. Usianze na "haloo, nani mwenzangu?" wakati ni wewe uliyepiga! Sema hivi: "Habari za asubuhi. Naitwa fulani. Niliomba kazi ya karani wa stoo, barua nilileta tarehe 10. Naomba kujua kama imefika na kama usaili umeshapangwa." Umemaliza. Nyamaza, sikiliza, shukuru. Usieleze shida zako, kwamba baba mgonjwa, kodi imeisha. Ni kweli, lakini aliyepokea simu naye ana kodi yake. Na ukituma meseji andika maneno kamili. Mambo ya "mambo vp boss, nlkuwa naulzia ile ishu" peleka kwa washikaji.

Nne, mlinzi. Wengi tunampita kama nguzo ya umeme, kumbe ndiye mwenye funguo. Yeye anajua bosi yupo au hayupo, anajua barua zinapelekwa meza gani. Mpe shikamoo yake kama ni mkubwa kwako, muulize jina. Ila barua usimwachie hivi hivi kama nilivyofanya. Omba uifikishe mapokezi au masjala, nenda na kopi, waigongee muhuri wa kupokelewa na tarehe. Kopi hiyo itunze. Siku wakikwambia "hatujaiona", unaitoa taratibu bila kelele.

Tano, daftari. La kurasa chache tu linatosha. Andika kampuni gani, kazi gani, tarehe uliyopeleka, namba uliyowapa, uliongea na nani, alisema nini. Ukiomba kazi ishirini bila daftari, utapigiwa simu ya kazi ya duka uanze kujieleza habari za udereva. Mwenzenu ilinikuta, sitaki kuikumbuka.

Sita, simu yenyewe. Weka namba yako na ya pili ya mtu wa karibu, na huyo mtu mwambie! Mwambie kampuni gani, kazi gani. Na wale mlioweka miito ya nyimbo, fikiria mwajiri anapiga anakutana na singeli inamfokea sikioni. Iondoe kwa muda, utairudisha ukilipwa. Picha ya WhatsApp nayo iangalie. Ile ya ufukweni umebinua mdomo, iweke pembeni kwanza.

KAZI ZA SERIKALI

Kwa wanaoomba serikalini, utaratibu ni mwingine. Maombi mengi siku hizi yanapitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na unajaza kwenye Ajira Portal. Hakuna haja ya kupanda basi kwenda Dodoma kuulizia. Kufuatilia kwake ni kufungua akaunti yako mwenyewe na kusoma majina ya wanaoitwa kwenye usaili yanapotangazwa. Nenda siku kwa siku, maana tangazo halitakuja kukugongea mlango. Na ukiambiwa umefaulu usaili lakini nafasi zimejaa, usilie. Majina ya waliofaulu huwekwa kwenye kanzidata, na nafasi ya kada ile ikitokea wanaweza kupangiwa kutoka humo. Kwa hiyo usibadili namba ya simu kama nguo.

Na hapa fungua masikio. Maombi hayo hayalipiwi. Mtu akikupigia, "mie niko ndani, leta elfu hamsini nisukume faili lako", huyo ndiye wa kupewa yale maneno ya shangazi! Mafaili hayana matairi. Kaka mmoja wa mtaani kwetu aliuza redio yake kwa ajili ya mtu wa ndani. Mpaka leo mtu yuko ndani, redio iko nje, kazi haijulikani iko wapi.

KWENU DADA ZANGU

Hili nalisema kwa sauti ya chini, lakini nalisema. Kuna ofisi nyingine nilikwenda kuulizia, bwana mmoja akaniambia, "Maombi yako nimeyaona, mazuri sana. Njoo jioni saa moja tukutane sehemu tulivu tuongee vizuri." Anatabasamu. Mikono ilinitetemeka, maana kazi nilikuwa naitaka kweli, na kikoba cha shangazi kilikuwa kinanukia puani. Nikamjibu, "Asante kaka, nitakuja kesho saa nne asubuhi hapa hapa ofisini." Tabasamu likazima kama taa ya Luku. Kazi ile sikuipata. Usingizi wangu ninao.

Jueni kwamba hilo lina jina, ni rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inasema mwenye mamlaka akidai ngono ili akupe ajira ametenda kosa. TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Kuulizia kazi kunafanyika ofisini, mchana kweupe, mlango wazi. Ukiitwa gesti au baa, hiyo siyo kazi, huo ni mtego wa panya. Na kaka zangu msijifanye haliwahusu. Dada yako akirudi kazi hana lakini heshima anayo, usimwambie alikuwa mjinga.

MWISHO WAKE NINI?

Basi, nilirudi kwenye ile kampuni na barua fupi ya kuomba radhi. Nikaeleza kilichotokea bila kumsema shangazi vibaya, nikawaachia namba yangu mpya. Dada wa mapokezi akasoma, akacheka mpaka akafuta machozi, akaenda kumwonyesha afisa utumishi. Naye akatoka kuniangalia! Akasema kazi imeshachukuliwa, ila barua ataiweka kwenye jalada. Nikashukuru, nikaandika kwenye daftari langu: niulizie baada ya miezi miwili.

Nikaulizia. Hakuna. Nikaomba siku nyingine, nikapewa. Nikaulizia. Safari hii akaniambia, "Mwisho wa mwaka tunahesabu mali stoo, tunataka watu wa wiki mbili. Utaweza?" Nitaweza? Ningeulizwa kuhesabu mchanga wa Coco Beach ningekubali!

Wiki mbili nilihesabu maboksi mpaka usingizini. Hela ya kwanza nikanunua ile kilo ya nyama, iliyobaki nikamkabidhi shangazi siku ya marejesho. Akaihesabu mara moja tu, akaifunga kwenye kanga. Kilichobaki mpaka leo ni kauli ya afisa utumishi siku ya kuagana: "Umefanya vizuri, nafasi ikitokea tutakujulisha."

Tutakujulisha! Neno lile lile. Lakini sasa halinitishi. Nimeuliza niulizie lini, nimepewa Jumanne ijayo, na Jumanne saa nne kamili nitakuwa pale, na shikamoo ya mlinzi ninayo mdomoni.

Halafu niwape siri. Hata safu hii unayoisoma niliipata hivyo hivyo. Niliacha makala yangu mapokezi kwa mhariri, wiki mbili kimya. Niliporudi kuulizia nikaikuta imewekwa chini ya chupa ya chai, ina duara la kahawia katikati. Mhariri akaivuta, akaisoma nimesimama, akasema, "Leta nyingine." Nisingerudi, ningekuwa mpaka leo nafuta vikombe.

Na shangazi? Siku hizi kitochi kikilia anakikimbilia na mikono ya unga. Anapokea kwa sauti nyororo, "Haloo mwanangu, unapiga kutoka kazini?" Juzi kapiga tapeli wa kweli, akakaribishwa vizuri, akaulizwa usaili ni lini na avae nini, mpaka akakata simu mwenyewe!

Haya, kama na wewe una barua iliyolala mahali, usilale nayo. Kesho kutwa uwe umeulizia. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, na tuombeane hiyo Jumanne. Byeee!